Bomba Lilikuwa Uani

Bomba lilikuwa uani, hatua kama kumi kutoka jikoni. Nalijua vizuri kwa sababu tangu utotoni, kila nilipokwenda Uru, karibu na Moshi, kwa mama mkubwa, nilinawa miguu pale kabla ya kuingia ndani. Siku ile ya Julai 2014 mwongozaji wa kipindi cha televisheni aliyetoka Uingereza aliliangalia, akaona linamharibia picha, akaniomba nimwambie mama mkubwa achukue ndoo ateremke mfongoni, kwenye mfereji wa maji. Nikamwambia. Akateremka, akapanda na ndoo kichwani. Wakamrudisha mara mbili zaidi kwa sababu wingu lilikuwa limefunika jua.

Mimi ndiye niliyewapeleka. Miaka ile nilikuwa napanda Mlima Kilimanjaro na wageni, nilianza kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, kisha msaidizi wa kiongozi, na msimu ukiwa mbovu nilikuwa mkalimani wa mtu yeyote aliyefika Moshi na kamera. Walinilipa shilingi 50,000 kwa siku. Walitaka familia ya kijijini, nikaona heri riziki iende kwa ndugu. Mama mkubwa alipewa 20,000 jioni, baada ya kuombwa avue kitenge chake cha kanisani avae gauni la shambani.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Aliishika, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, inasemaje?" Nikamjibu, "Inasema umekubali kupigwa picha." Akasaini. Karatasi ilikuwa inasema kwamba kampuni inaweza kuitumia sura yake na sauti yake popote duniani, kwa njia yoyote, milele, na kuikata na kuiunganisha itakavyo. Kiingereza changu kilinitosha kuisoma. Sikuisoma, na hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amejiandaa kuongea. Akaombwa kwa upole asogee nyuma ya migomba, kwa kuwa habari ilikuwa ya mwanamke anayepambana peke yake. Alisogea, lakini hakunyamaza. Mama mkubwa alipoulizwa kuhusu maisha yake aliongea karibu nusu saa kuhusu kahawa, na mzee akawa anamrekebisha miaka kutoka kule kwenye migomba. Walieleza jinsi kahawa ilivyosomesha watoto wa kijiji kizima, jinsi walivyokuwa wanapeleka magunia chama cha msingi, na jinsi chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilivyokuwa fahari ya mkoa. Kisha bei ikaanguka, mwisho wakang'oa mibuni sehemu ya kihamba, shamba la nyumbani, wakapanda nyanya. Yalikuwa maelezo ya uchumi ambayo mwanafunzi wa chuo angeyaandika. Kipindi kiliporushwa, chini ya uso wake yalitokea maneno ya tafsiri: maisha ni magumu sana. Mama mkubwa hakusema hivyo mahali popote katika ile nusu saa.

Tuliyaona hayo miaka miwili baadaye, binamu yangu alipoikuta ile video mtandaoni akiwa chuoni Arusha. Alinipigia simu hata salamu hakutoa. Aliuliza tu, "Kaka, bomba lilikwenda wapi?"

Sasa niko Leeds, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka 2022 watu wa televisheni walikuja kazini kwetu. Wiki tatu kabla, kila mzee na kila mfanyakazi alipata barua yenye maelezo ya kipindi kinahusu nini, kitaonyeshwa wapi, wataulizwa nini, na namba ya simu ya mtu wa kumpigia ukibadili mawazo. Wazee ambao kumbukumbu zao zimepotea, ndugu zao walifuatwa kwanza. Mzee mmoja alikataa, na siku tatu zote kamera haikugeuzwa upande wa korido yake. Bibi mwingine alikubali asubuhi, akakataa baada ya chakula cha mchana, na mtayarishaji akamwambia hakuna tatizo, akafunga mashine. Nilisimama pale na sinia mkononi nikamkumbuka mama mkubwa na ndoo yake.

Usiku ule niliisoma barua yangu yote, kisha nikatafuta kanuni zenyewe. Hapa kuna mamlaka inayosimamia utangazaji, Ofcom, na sehemu ya saba ya kanuni zake inahusu haki kwa wanaoshiriki kwenye vipindi. Mshiriki anapaswa kuelezwa aina na lengo la kipindi, anachotarajiwa kutoa, na mabadiliko makubwa yakitokea. Maneno yake yakihaririwa, lazima awakilishwe kwa haki. Mtoto wa chini ya miaka 16, mzazi au mlezi huombwa ridhaa. Anayetuhumiwa kwa jambo zito hupewa nafasi ya kujibu. Na ukiona umedhulumiwa, unatakiwa kulalamika ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kirushwe.

Siku ishirini. Kampuni iliyokuja Uru ilitoka Uingereza hii hii. Mama mkubwa hakuambiwa kipindi kitarushwa lini, hana televisheni inayoshika chaneli ile, na sisi tulikiona baada ya miaka miwili. Kanuni nzuri ambazo wale vijana walizishika kwao walizivua walipotua uwanja wa ndege wa KIA, na mlango wa kulalamika ulifungwa kabla mwenye shida hajajua kama upo.

Sidai huku wanaishi malaika. Mahojiano ya mwaka 1995 ya BBC na Princess Diana yalipatikana baada ya mwandishi kutumia taarifa bandia za benki, na ripoti ya jaji mstaafu Lord Dyson iliyolisema hilo wazi ilitoka Mei 2021, zaidi ya robo karne baadaye, mhojiwa mwenyewe akiwa kaburini. Lakini ilitoka, na taasisi ikaomba radhi hadharani.

Nyumbani Tanzania nako sasa tunatendana wenyewe. Kijana ana simu na kipaza sauti chenye nembo, anamkuta mama kwenye geti la hospitali, mumewe amefariki saa moja iliyopita, anamuuliza anajisikiaje. Kabla jioni haijafika mama yule yuko kwenye simu za Moshi nzima, na sura za watoto wake hazijafichwa. Tunalo Baraza la Habari tangu miaka ya tisini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Baraza na sheria hiyo havijafika kwenye lile geti, na wala havijafika Uru.

Inaniuma zaidi kwa sababu jambo hili sisi tulilelewa nalo. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka. Ridhaa ninayoiomba ndiyo hiyo hiyo, ila iwe kwa lugha ya mwenye nyumba. Fomu isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani, pamoja na lile neno milele. Mkalimani aruhusiwe kukataa, na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha aipitie yeye kabla haijarushwa. Mshiriki apelekewe sehemu yake aione. Simu zimejaa vijijini, na video ya dakika nne haishindikani kutumwa. Na ninyi wadogo zangu mnaofanya kazi niliyoifanya, pale stendi na kwenye hoteli za wageni, someni karatasi. Mtu anasaini kwa kuwa ninyi mmemwambia asaini.

Baba mkubwa alifariki mwaka juzi. Krismasi nilimpigia mama mkubwa, nikamwamkia, tukaongea mambo ya msiba na migomba, kisha akaniuliza kama wale Wazungu wa kamera bado wapo. Nilidhani anataka video iondolewe. Alichotaka ni ile nusu saa ya kahawa, kwa sababu sauti ya mzee iko humo, anarekebisha miaka kutoka nyuma ya migomba, na nyumbani hawana rekodi nyingine ya sauti yake.

Niliwaandikia Januari. Wakajibu kwamba watatafuta kwenye hifadhi yao. Niliandika tena mwezi wa tatu, na wiki hii nimeandika mara ya tatu, nikaweka tarehe ya ile siku na jina la kijiji ili wasiseme hawakujua watafute wapi.