Mzee haogopi kisu, anaogopa usingizi

Kaa na wazee wa Kibosho au Machame, kule Kilimanjaro, jioni, pombe ya mbege ikizunguka, utasikia utani: "Huyo keshaanza safari za usiku." Tezi dume ikitanuka hubana njia ya mkojo. Mzee anaamka mara tatu, nne, anasimama msalani anajikamua, yanatoka matone. Mwishowe anawekewa mpira wa kutolea mkojo, mfuko anauficha chini ya koti, na wapo wanaokaa nao miezi.

Muulize kwa nini haendi hospitali ya KCMC akatibiwe. Hela ataitaja, lakini sikiliza vizuri: "Nikilala nisiamke je?" Ana presha, ana sukari. Hofu hiyo ya dawa ya usingizi si ya kuchekwa.

Ndiyo maana nazipenda tiba ndogo zinazowezekana kwa ganzi ya sehemu tu. Daktari anaweka jeli ya lidokeini kwenye njia ya mkojo na kuisubiri ishike. Wengine huongeza sindano za ganzi pande mbili za tezi, wakiongozwa na ultrasaundi. Mgonjwa yuko macho, anaongea. Kisha tiba iitwayo Rezum huingiza mvuke wa maji kwenye tezi, sekunde 9 kila mchomo, au nyingine, UroLift, huivuta nyama kando kwa vishikizo vidogo. Marekani iliiruhusu Rezum mwaka 2015 na UroLift mwaka 2013. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Tusidanganyane, lakini. Ganzi haiondoi kila kitu: kuna kusukumwa, kuungua kidogo, mkojo kubana ghafla. Daktari mwenye haraka, asiyengoja dawa ishike, ndiye anayeiharibia sifa. Baada ya mvuke mpira hubaki siku kadhaa na nafuu huja kwa wiki. Tezi kubwa sana bado inataka upasuaji, na saratani lazima ichunguzwe kwanza.

Vifaa vyenyewe ni ghali, vinatumika mara moja na kutupwa. Basi kama havipo, mzee aambiwe havipo. Ila aambiwe pia kwamba hata ule upasuaji uliozoeleka, wa kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, mara nyingi hufanywa kwa sindano ya mgongoni, na sindano hiyo hailazi mtu. Mwili unakufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Wengi hawalijui hili, kwa sababu maelezo na fomu ya ridhaa anapewa kijana wake, na mzee mwenyewe anaulizwa tu kama ameshakula.