Masega yanayoingia yenyewe

Imewaka tena. Ile taa ya njano yenye kamchoro ka injini, imewaka TENA. Leo asubuhi nimepiga stata, nikafunga mkanda kama raia mwema, kona ya kwanza hata sijaimaliza, huyo kwenye dashibodi, katulia, kama mgeni aliyerudi kufuata begi lake.

Wenye pikapu za makamo sihitaji kuwaeleza, mnajua tulipotoka. Kodi, yaani ile namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari hutoa, ni ileile P0420. Mimi na P0420 tunajuana kuliko ninavyojuana na mashemeji zangu. Mara ya kwanza fundi alichomeka kimashine chake, akatikisa kichwa, akasema "bosi, masega yamekufa" kwa ile sauti ya kutaka nikae chini kwanza. Masega ni kile kitu chenye vitundu kama sega la nyuki, ndani ya bomba la moshi, kinachosafisha moshi wa injini. Nikamwambia zima taa. Akazima. Siku tatu, ikarudi. Nikaibandika solotepu nyeusi na niseme ukweli, ile miezi ya solotepu ilikuwa miezi mizuri sana maishani mwangu, mpaka gari ikaanza kugoma mlimani, nakanyaga mafuta yananiangalia tu, na nyuma inatoka harufu ya mayai viza watu wanageuka kunitazama mimi.

Nikaulizia bei ya orijino. Nikakata simu mwenyewe, taratibu, kwa heshima.

Ndiyo nikaangukia kwa muuza spea mmoja mwenye masega mapya yasiyo orijino, seti nzima na bomba zake na mafla yake, yanang'aa mpaka unaweza kujichana nywele. Nikamuuliza, yatakaa kwenye gari yangu? Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii inaingia yenyewe." Yenyewe! Nikaamini. Nikavaa shati jeupe nikaenda gereji, maana kitu kikiingia chenyewe mimi kazi yangu si kusimama pembeni tu niangalie?

Sasa kutoa la zamani kwanza. Boliti za kule kwenye manifoldi, pale bomba linapoanzia kwenye injini, zimeungua na kutulia tangu gari itoke kiwandani, hazina mpango na mtu. Fundi akazipulizia dawa ya kutu, akazigonga, akazichemsha na gesi mpaka zikawa nyekundu, akaanza kuzibembeleza kabisa, "njoo mama, njoo". Tano zikaja. Ya sita ikalia TAK, kichwa kikabaki kwenye spana na mwili ukabaki ndani. Hakuna aliyesema kitu. Hata redio ya gereji niliona kama imepunguza sauti. Wakaichomelea nati juu ya kisiki, ikakatika nati, wakachomelea nyingine, na mimi nimeshika tochi mdomo wazi, kutu linaniingia, saa mbili zimepita na hicho kitu chenye kuingia chenyewe bado kiko kwenye boksi.

Halafu likaja lenyewe sasa. Fundi kalala chini, kijana wake anabeba nyuma, mimi na shati langu katikati, tunalinyanyua. Flanji, ule mdomo wa bomba unaofungwa boliti, ina matundu matatu. Mawili yakakubali. La tatu linaangalia pembeni.

"Bosi, sukuma kwako."

Nasukuma kwangu.

"Si kwako huko, kwako huku!"

Fundi akasema apigiwe muuzaji. Simu ikawekwa spika, ikalazwa kifuani kwa fundi huko huko chini ya gari.

"Inaingia yenyewe hiyo," sauti ikasema.

"Haingii, ndugu yangu."

"Mmeiweka kulia au kushoto?"

Fundi akanitazama. Nikamtazama kijana. Kijana akatazama chasisi.

"Kwani ina kulia na kushoto?"

Kimya. Nasikia mtu anapekua makaratasi. Kisha, "Hiyo sukumeni tu, itazoea."

Itazoea! Bomba la chuma lizoee! Mimi mtu mzima, nina heshima zangu, vikao vyote mimi ndiye huombwa nifungue, nimelala kwenye oili chafu nasubiri chuma kizoee. Tukabadilisha kulia na kushoto. Sasa matundu yote matatu yakakaa, tukashangilia kidogo, fundi akachukua sensa ya oksijeni aifunge kwenye kitundu chake, kitundu hakionekani. Tunakitafuta kwa tochi. Kumbe kimeangalia juu, kimebanwa na sakafu ya gari, kidole hakipiti sembuse sensa. Kijana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Labda sensa iingie yenyewe." Nilicheka peke yangu, fundi hakucheka, akawasha grainda.

Wakakata, wakageuza, wakachomelea. Sensa nayo ilipofungwa wakaizungusha na waya wake umechomekwa, ukajisokota kama kamba ya ng'ombe, wakaufungua wakaanza upya. Zile raba za kuning'inizia bomba ziliingia kwa maji ya sabuni na matusi. Giza limeshaingia tunawasha gari, moshi ukatoka kila mahali, nikaruka, fundi akasema ni mafuta ya kiwandani yanaungua juu ya bomba jipya, tulia. Kweli, ukakata. Mafla nayo ilikuwa na mambo yake, inanguruma ndani ya kabini mpaka ukiongea na mtu unatumia mikono, lakini siku hiyo sikujali. Kodi ikafutwa. Taa hakuna. Nilirudi nyumbani nimenyooka kama nimetoka kupewa shahada.

Wiki moja hiyo.

Leo nimepeleka gari kwa mtu mwingine, mzee mmoja mpole anayepima kwanza ndipo anaongea. Akanieleza taratibu: kuna sensa mbele ya masega na sensa nyuma. Ya mbele inapanda na kushuka muda wote, ya nyuma inatakiwa itulie, maana katikati hapo moshi mbaya umeshafanyiwa kazi. Akanionyesha kwenye skrini, ya mbele inapanda, ya nyuma inapanda, ya mbele inashuka, ya nyuma inashuka, kama watoto wawili kwenye mtihani mmoja anamnakili mwenzake. Kompyuta ikiona hivyo inajua masega hayafanyi kazi. Masega MAPYA! Akasema mengi ya aina hii hupakwa platinamu na paladiamu na rodiamu kwa kunusisha tu, ndiyo maana bei yake ni ile. Haya, hiyo nikameza.

Halafu akauliza, yale ya zamani yalikufa kwa nini? Nikasema, si uzee tu? Akafungua boneti, akachomoa plagi, akanipa niishike. Nyeusi, imelowa petroli. Silinda moja haichomi vizuri, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega, yanapata joto la ajabu, vile vitundu vyembamba vinayeyuka vinaziba. Plagi! Kitu cha urefu wa kidole! Mashine imechomekwa mara ngapi, kodi imefutwa mara ngapi, boliti imekatwa kichwa, shati limekufa, na hakuna mtu hata mmoja kati yetu, nikiwemo mimi, aliyefungua boneti! Tumeshughulika na nyuma ya gari kama vile injini ni ya jirani.

Nikiwa bado nimeshika hiyo plagi mzee akauliza lingine, la upole kabisa. "Na yale ya zamani umeyaweka wapi?"

Nikamwambia fundi alijitolea kunitupia.

Mzee akanyamaza. Akafuta mikono. Akaniambia yale ya zamani, hata yakiwa yamekufa, madini bado yamo, pengine mengi kuliko haya mapya, na watu wanayanunua kwa kupima. Kuna watu wanaingia chini ya magari ya wenzao usiku na misumeno kuyaiba. Mimi wangu hakuhitaji msumeno. Nilimshukuru. Nilimwambia Mungu akubariki kwa kunipunguzia takataka. Nilimsaidia kubeba, upande mmoja nilishika mimi, kwa mikono yangu hii!

Nimempigia, simu inaita haipokelewi. Nimempigia kijana wake, amepokea, amesema mkubwa katoka kidogo, kaenda kuangalia gari. Gari ya nani? Ya kwake, anataka kununua.

Muuza spea yeye amepokea mara moja, mchangamfu, anasema P0420 ni kawaida, ana kakipande ka kurefusha sensa ya nyuma isisome sana, nikamuuliza kanafungwaje.

Nadhani mnajua alichojibu.

Sasa nipo nje natafuta solotepu nyeusi, na kuna mtoto amechukua solotepu amefungia mpira wa makaratasi, na nikimuuliza anasema mpira ulikuwa unavuja upepo. Wa makaratasi.