Mwacheni Mzee Ajibu Mwenyewe

Juzi nilimsikia muuguzi akimwuliza binti wa mgonjwa, "Mama anaumwa wapi?" ilhali mama mwenyewe ameketi papo hapo, akili timamu na masikio mazima. Binti akajibu, mama akanyamaza. Jambo hilo limenikera mno, kwa sababu ndivyo tunavyowazeesha watu kabla miili yao haijachoka.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja walikumbushwa kwamba maisha ni yao: wapange vyumba watakavyo, wachague usiku wa kutazama filamu, na anayetaka mmea achague wake autunze. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba wahudumu wangewashughulikia kwa kila jambo, na hata mimea waliyogawiwa ilimwagiliwa na wauguzi. Baada ya wiki 3 tu, walioachiwa uamuzi walikuwa wachangamfu na wenye furaha zaidi, huku wengi wa wale waliofanyiwa kila kitu wakionekana kudhoofika, ingawa hakuna aliyewanyima chakula, dawa wala upole. Kundi lilikuwa dogo, nakubali, na utafiti mmoja haumalizi hoja. Hata hivyo, nani kati yetu angestahimili kusemewa kuanzia asubuhi hadi jioni, tena na watu wanaompenda?

Madhara hayaishii kwa mzee. Mtoto anayeshuhudia babu akirukwa katika mazungumzo anajifunza jinsi atakavyojitazama yeye mwenyewe miaka 60 baadaye. Utafiti wa Becca Levy na wenzake wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wa miaka 50 na zaidi walioutazama uzee wao kwa mtazamo mwema waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya waliouona kama kuporomoka.

Wapo wazee ambao maradhi yamewaondolea uwezo wa kuamua, na hao wanahitaji msemaji. Wengine wote waulizwe wao kwanza.

Nguvu hupungua, hilo halina ubishi. Paul Baltes, aliyechunguza makuzi ya binadamu katika umri wote, alipenda kumtaja mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipiga vipande vichache zaidi, akavifanyia mazoezi mengi zaidi, na akapunguza mwendo kabla ya sehemu za kasi ili kasi hiyo isikike kubwa. Vipande vya kuacha alivichagua yeye, wala hakuna mwanawe aliyemchagulia.