Wanaotafuta Rupia Wanaharibu Nini Chini ya Maboma?

Ukikaa Dodoma kwa muda wa kutosha, hutakosa kusikia habari za mali ya Mjerumani. Atakuja mtu, aghalabu jioni na kwa sauti ya chini, akueleze kwamba chini ya jengo fulani la kikoloni lenye kuta nene kuna sanduku la rupia, sarafu za enzi ya Mjerumani, lililofukiwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba kinachokosekana ni mchango wako tu wa kumlipa mwenye mashine ya kupimia. Mimi nimeombwa mchango huo mara mbili. Nilikataa, ila sikuwacheka, kwa sababu naamini kama wao kwamba chini ya majengo yale kuna kitu cha thamani. Tunatofautiana tu juu ya kitu chenyewe.

Wajerumani hawakujenga vituo vyao kwa kubahatisha. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, nchi ya Wagogo, na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kilimatinde, katika nchi ambayo maji yalikuwa haba kiasi kwamba watemi wa Kigogo waliweza kutoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliotaka kunywa na kupita. Boma, yaani kituo cha utawala wa Mjerumani, liliwekwa palipokuwa tayari na njia, watu na maji. Ndiyo maana ninashawishika kwamba chini ya sakafu za maboma hayo, au uani kwake, kuna ardhi iliyokanyagwa na wapagazi, yenye majivu ya mafiga yao, vigae vya vyungu na shanga nyekundu za sami-sami zilizotumika kama fedha.

Husemwa kwamba bara hatuna mji mkongwe, kwa kuwa tembe, nyumba zetu za paa la udongo, hujengwa kwa miti na udongo, nao udongo hurudi kuwa udongo. Hoja hiyo hainiridhishi. Nguzo ya tembe ikioza ardhini huacha duara la udongo mweusi ambalo mwanaakiolojia hulisoma kama sisi tusomavyo maandishi, na paa la udongo likianguka huifunika sakafu pamoja na vilivyokuwa juu yake. Hata Unguja, kwenye mawe tele, ndani ya Ngome Kongwe ilibidi kuchimba ndipo ionekane misingi ya kanisa la Wareno waliotangulia Waarabu wa Oman.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina jambo la kushangaza hapa. Inalinda moja kwa moja vilivyojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo boma la Mjerumani lenyewe halina ulinzi huo mpaka litangazwe rasmi, lakini kigae kilicho chini yake, kikiwa cha zamani zaidi, kinalindwa tayari. Anayechimba bila kibali anavunja sheria hata asipopata rupia moja.

Hata hivyo, mtafuta rupia simhofii kama ninavyomhofia fundi mwenye zege anayekarabati maboma, maana yule huchimba shimo moja gizani, ilhali huyu hufumua sakafu nzima mchana kweupe, tena kwa mkataba. Ninachopendekeza si kusimamisha ukarabati. Kabla ya kumwaga jamvi jipya la zege, chumba kimoja kichimbwe taratibu, tabaka kwa tabaka, udongo uchekechwe, na kila kinachopatikana kiandikwe kimetoka kina gani, kwa sababu ushanga usiojulikana ulikotoka ni pambo tu.

Niliwahi kupita kwenye ukarabati wa jengo la zamani, fundi akanionyesha ushanga mwekundu alioukuta chini ya sakafu. Nilipomuuliza ulitoka upande gani, alionyesha lori lililokuwa likiondoka na kifusi, kwenda kujaza mashimo ya barabara.