Kumtapisha aliyekunywa kostiki ni kumuunguza mara ya pili

Mtwara mjini, Masasi, Lindi, kote sabuni ya mche inapikwa majumbani, na kostiki, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, hulowekwa kwenye ndoo usiku kucha ipoe. Kilo moja kwa lita tatu za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 25, usio na rangi wala harufu. Unaobaki humiminwa kwenye chupa ya maji ya dukani na kusukumwa chini ya meza. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Kosa hilo ni letu wakubwa, na linaniuma.

Kosa la pili hufuata papo hapo: atapishwe, apewe maziwa, apewe ndimu ya kukata makali. Nayapinga yote matatu. Kostiki haingoji kuingia kwenye damu. Inageuza mafuta yaliyo kwenye nyama za koo kuwa sabuni, kama inavyofanya kwa mafuta ya nazi sufuriani, na inayeyusha protini, hivyo inazidi kuzama. Maji ya betri, ambayo ni tindikali, mara nyingi huacha gamba linalopunguza kuzama huko, ingawa nayo hutoboa tumbo. Mgonjwa akitapika, kilichomuunguza kinapita tena palepale, na kinaweza kuingia mapafuni. Ndimu ikikutana na kostiki huzalisha joto. Maziwa humzuia daktari kuona vizuri kwa kamera inayopitishwa kooni.

Asukutue na kutema. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi na macho kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali, bila kula wala kunywa. Sauti ikikauka, mate yakimdondoka au akipumua kwa mluzi, koo linavimba na hewa inaweza kuziba. Midomo mizima isikudanganye: umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, unaweza kuwa umeungua vibaya.

Kamera hufaa zaidi ndani ya saa 24, isizidi 48. Wiki ya pili ukuta wa umio ni laini, hutoboka kirahisi. Kuanzia wiki ya tatu kovu huanza kuvuta. Hapo ndipo wazazi wengi hupotea: mtoto anakunywa uji, wanaacha kliniki, na baada ya miezi miwili tonge la ugali halipiti. Kupanua umio hurudiwa mara nyingi.

Chupa nenda nayo, imefungwa na kusimama wima. Daktari anaihitaji, na polisi wataipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikiwa kuna shaka ya jinai. Mwili nao unasema: michirizi kutoka pembe za mdomo hadi kidevuni huendana na kunywa, madoa yaliyotapakaa usoni na kifuani huelekeza kwenye kumwagiwa. Kostiki huacha ngozi ya kijivu yenye utelezi, tindikali ya salfa huifanya nyeusi, ya naitriki njano. Nguo alizovuliwa nazo ni ushahidi, kwa hiyo zisifuliwe.