Maziwa yenu yanawaua komba

Ile video inayozunguka wiki hii bila shaka mmeiona. Mtoto wa komba amelazwa chali kiganjani, sirinji ya maziwa ya paketi imesukumwa mdomoni, na taa ya simu inammulika machoni. Chini yake watu wamejaza dua: Mungu akubariki, una roho safi. Naamini aliyemwokota ana roho safi kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ukiitazama tena utaona povu jeupe linatoka puani mwa yule mtoto. Povu lile ni maziwa yaliyokwisha kuingia njia ya hewa.

Komba wa namna hiyo hafi siku ile ile. Hufa siku ya pili au ya tatu, kwa nimonia, na aliyemlisha husema alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na baridi na kiu, na pengine hakuwa hata yatima.

Komba jike hatembei na mtoto wake usiku kucha. Humbeba kwa mdomo, akamweka kwenye tawi lenye majani mazito, akaenda kutafuta matunda na wadudu, kisha akarudi kumchukua. Kwa hiyo mtoto unayemkuta peke yake mtini saa mbili usiku hakuachwa, amewekwa. Mwache hapo hapo, zima taa ya ua, fungia mbwa na paka. Huku pwani ya Kenya wengi huzaa kati ya Agosti na Oktoba, na miezi hiyo hiyo miembe na mikwaju huangushwa Nyali, Mtwapa na Diani kupisha msingi wa fleti. Mti unaanguka mchana, komba wamelala tunduni, mama anakimbilia mti wa jirani, mtoto anabaki kwenye unga wa msumeno. Hata huyo, ikiwa hana jeraha, mama yake bado yuko hapo karibu na anasubiri giza liingie.

Kumrudisha si kazi ngumu. Mchana kutwa akae kwenye katoni yenye giza na joto. Jua likishatua, chukua kikapu au katoni iliyo wazi juu, weka kitambaa na majani ya mti uleule ulioanguka, mweke mtoto ndani, kisha funga kikapu kwa kamba kwenye mti wa karibu uliobaki, mita mbili au tatu kutoka chini. Kifungwe imara kisipinduke mama akirukia. Weka na chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi. Kisha ondokeni wote. Tazameni kutoka dirishani, ndani kukiwa giza. Mama akija atamwita, mtoto atajibu kwa mlio mkali mfupi, na atabebwa. Nani kati ya mafundi wa misumeno amewahi kuambiwa jambo hili? Mwenye kiwanja anajua bei ya kila mfuko wa saruji lakini hajui kwamba kupanda juu na kuchungulia matundu kabla ya msumeno kuwashwa ni kazi ya dakika kumi.

Sasa nirudi kwenye maziwa. Wanaookoa wanyama kila siku wana mpangilio usiorukwa: joto, maji, ndipo chakula. Mtoto aliyepoa, tumbo lake halisagi kitu. Maziwa yanakaa palepale, yanachacha, tumbo linajaa gesi, na mtoto anakufa akiwa ameshiba. Gusa nyayo na masikio yake. Yakiwa ya baridi kuliko kiganja chako, huyo asipewe chochote mdomoni.

Kumpasha joto kunahitaji chupa ya plastiki ya nusu lita, maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, na soksi nene. Ilaze upande mmoja tu wa katoni, ili akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Ibadilishe kila baada ya saa mbili hivi, maana chupa iliyopoa humnyang'anya joto lake mwenyewe. Matundu ya hewa yatobolewe kabla hajaingizwa, tena kutoka ndani kwenda nje, ncha zisije zikamkwaruza. Tandika kanga kuukuu au fulana. Taulo lina vinyuzi vinavyonasa kucha, na mnyama akihangaika kujinasua huvunja kidole. Funika, peleka chumba kisicho na redio wala watoto, na usifunue kumtazama. Kwake wewe ni mnyama mkubwa mla nyama, na kila kifuniko kikiinuka moyo wake unaenda mbio upya. Wapo wanaokufa kwa hofu tu, bila jeraha hata moja.

Akishapata joto, baada ya saa moja hivi, angalia maji mwilini. Bana taratibu ngozi ya mabegani, uiachie. Ikilala mara moja yuko sawa. Ikibaki imesimama, amekauka. Hapo inafaa ORS ile ya duka la dawa, chumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, iwe vuguvugu. Sirinji iwe ya mililita moja, bila sindano. Mtoto akae kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama alivyokaa tumboni kwa mama yake akinyonya. Weka tone moja pembeni mwa mdomo, mwache alambe, ameze, kisha tone jingine. Usisukume hata mara moja. Povu au kimiminika kikitokea puani, acha papo hapo, mwinamishe kichwa chini na umfute pua. Asiyeweza kuinua kichwa hapewi tone lolote. Huyo anahitaji daktari wa wanyama amdunge maji chini ya ngozi.

Maziwa ya ng'ombe hayamo katika hatua hizo, na kuna sababu. Mama anayemwacha mtoto kwa saa nyingi humnyonyesha maziwa mazito yenye mafuta mengi. Ya ng'ombe kwa komba ni mepesi, na humharisha. Mtoto asiyefika gramu mia akiharisha mara tatu, maji yote uliyomrudishia yamekwenda. Wengine huongeza glukosi, wengine uji wa wimbi, wakidhani wanasaidia, na kuhara kunazidi. Siku ya kulishwa ikifika, mtaalamu atakutajia aina ya maziwa ya unga, kiasi kulingana na uzito wake kwenye mizani ya jikoni, na saa za kulisha. Mtaniuliza, basi alale na njaa? Ndiyo. Mtoto mwenye joto na maji huvumilia njaa ya usiku mmoja. Maziwa kwenye mapafu hayavumiliki, na hakuna daktari atakayeyatoa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila simu kwa waokoaji wa wanyamapori inapokelewa. Ijumaa jioni unapiga, inaita mpaka inakatika. Au unaambiwa gari liko mbali, subiri Jumatatu. Ndiyo maana nimeeleza joto na ORS kwa urefu. Hata hivyo endelea kupiga. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na Tanzania ina yake ya 2009. Aliyetoa taarifa siku ile ile, akaandika saa na mahali, hawezi kulinganishwa na aliyekaa naye miezi sita. Diani wapo Colobus Conservation, walioanza mwaka 1997 kwa ajili ya mbega waliokuwa wakigongwa barabarani, na ndio waliotundika yale madaraja ya kamba juu ya barabara ya pwani. Kima, tumbili na komba pia ni wao. Nairobi kuna KWS yenyewe, shirika la serikali la wanyamapori, na kituo chake cha wanyama yatima kilichofunguliwa mwaka 1964.

Ndege nao wana mateso yao. Hao hawana maziwa kabisa katika maisha yao, hata tone, na maji ya kudondoshea mdomoni huwaua upesi zaidi: fungua mdomo wa kifaranga utaona kitundu cha njia ya hewa kiko hapo hapo nyuma ya ulimi, wazi. Kifaranga mwenye manyoya kamili na mkia mfupi anayerukaruka chini anajifunza kuruka. Msogeze tu kwenye kichaka, paka asimfikie. Aliye uchi mrudishe kwenye kiota, au kwenye kikapu kidogo kilichotobolewa chini maji ya mvua yatoke, ukitundike karibu na kiota cha zamani. Habari kwamba mama humkataa akishikwa na binadamu si kweli.

Bundi asilishwe steki, kwa sababu nyama bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha na miguu ya kinda hupinda ndani ya wiki chache. Mfunike na kanga, mshike miguu kwa glavu nene, umpeleke kwa Kenya Bird of Prey Trust, Naivasha au Karen. Na anayempiga mawe kwa sababu ya uchuro ajue kwamba yule ndiye aliyekuwa akila panya wa mtaa mzima.

Gundi ya panya inayouzwa kwenye taa za barabarani ingepigwa marufuku leo ningefurahi. Hunasa mijusi, vinyonga, shomoro na makinda ya bundi. Ukimkuta aliyenaswa usivute. Nyunyiza unga wa ngano kwenye gundi yote iliyo wazi, ili asinase zaidi. Mjusi au panya-miti hutolewa kwa mafuta ya kupikia na pamba, mguu mmoja mmoja, mbali na pua. Ndege usimpake mafuta. Kata ubao kumzunguka, mnyunyizie unga, umpeleke kwa daktari jinsi alivyo.

Mnyama au ndege aliyeng'atwa na paka, hata kama huoni tundu, anahitaji antibiotiki ndani ya saa 24, kwa hiyo habari ya kumrudisha mtini usiku ule haipo. Popo usimguse kwa mkono mtupu kamwe. Mwaka 2007 mgeni kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo Tsavo Magharibi, akafariki kwao kwa virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Ukikwaruzwa au ukiumwa na mnyama yeyote wa porini, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile ukadai chanjo.

Na ile nepi aliyovishwa komba mwishoni mwa video, jamani, ivueni. Komba hujipaka mkojo mikononi na miguuni ili kuacha harufu yake kila anapopita, hatafundishika choo. Akikomaa atauma mpaka mfupa, na mtamfungia kwenye tundu la kuku. Wakati huo hawezi tena kurudi msituni, kwa sababu aliyekulia sebuleni haogopi mbwa.

Mkimkabidhi, bandikeni karatasi juu ya katoni: alipookotwa, mpaka jina la mtaa na mti; saa; kilichompata; alichopewa, kiasi gani, na saa ngapi. Kama mlimpa maziwa, andikeni, msione haya, maana daktari akijua mapema ataanza kwa kusikiliza mapafu. Mahali pia paandikwe sawasawa, kwa sababu akipona anatakiwa kuachiwa pale pale mlipomtoa, kwenye miti anayoijua, miongoni mwa komba wenzake.