MRI ya mapafu: gesi ya zenoni au pumzi ya kawaida?

Mgonjwa wa pumu akipuliza kwenye spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, daktari hupata vipimo vya mapafu yote mawili kwa jumla. Sehemu iliyoziba hufichwa na zile zilizo nzima, hivyo ugonjwa unaweza kuanza kwenye njia ndogo za hewa bila vipimo hivyo kutikisika. CT skani, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, huonyesha umbo vizuri sana, lakini kwa mionzi ambayo mtoto anayepimwa mara kwa mara hastahili kulimbikiziwa.

MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, haina mionzi hiyo. Shida yake ni kwamba hutegemea zaidi haidrojeni ya maji yaliyomo mwilini, na mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo picha hutoka karibu nyeusi. Ndipo ikaja zenoni-129: gesi inayoandaliwa kwa leza ili itoe ishara kali, mgonjwa akaivuta na kubana pumzi kwa sekunde chache. Panapobaki giza, hewa haikufika. Tena gesi hiyo hupenya utando unaotenganisha hewa na damu na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, na kila hatua ina ishara yake. Watafiti wa Uingereza waliitumia kwa watu walioendelea kuhema kwa shida baada ya UVIKO-19, wakaona hitilafu ya upitishaji gesi hata pale CT skani ilipokuwa safi. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa hana tatizo, hilo ni jambo kubwa. Marekani iliidhinisha matumizi yake Desemba 2022.

Lakini zenoni inataka mtambo wa kuiandaa, koili maalumu ya kunasa ishara na mashine iliyorekebishwa. Ipo njia nyingine: mgonjwa apumue kama kawaida, mashine ipige picha mfululizo, kisha programu itenganishe mwendo wa hewa na mtiririko wa damu. Haioni upenyaji wa gesi kwenye utando, na huo ni upungufu wa kweli. Hata hivyo, kwa Tanzania na Kenya, ambako watu hupona kifua kikuu wakabaki na makovu mapafuni, ningeelekeza fedha huku.

Wanaosita husema dawa bado huandikwa kwa kufuata dalili na spirometa, picha iwe nzuri namna gani. Kwa pumu ya kawaida nakubaliana nao. Ila daktari wa upasuaji anayetaka kuondoa sehemu ya pafu iliyoharibika anahitaji kujua sehemu zitakazobaki zinafanya kazi kiasi gani.